Manowari ya Sevastopol: ushirika wa Urusi na Uturuki uliovunjika kwa hofu

Usuli

Diplomacy ni mchezo wa ubao uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer na kuanza kuuzwa mwaka 1959. Ubao wake ni ramani ya Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wachezaji saba hugawana madola saba: Austria, Italia, Ufaransa, Ujerumani, Uingereza, Urusi na Uturuki. Hakuna dadu wala karata. Kila kete ina nguvu moja, na hupata nguvu ya ziada pale tu kete nyingine inapoiunga mkono. Wachezaji huzungumza watakavyo, faraghani au hadharani, kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri na zote hufunuliwa kwa pamoja. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kutimiza alichoahidi.

Anayetaka kukifuata kisa hiki inabidi ajue kanuni chache tu. Ubao una vituo vya ugavi 34, na mwenye vituo 18 ameshinda. Miaka ya mchezo huhesabiwa kuanzia 1901, na kila mwaka una mikupuo miwili ya amri, ambayo hapa tunaiita Masika na Vuli. Kituo hubadili mwenyewe baada ya Vuli peke yake, ndipo kila mtu huunda au kuvunja kete ili idadi yake ilingane na vituo alivyonavyo. Kete mpya huundwa kwenye kituo cha nyumbani, yaani ulichoanza nacho mchezo, ambacho bado ni chako na kiko wazi. Jeshi haliingii baharini, na manowari haziingii jimbo lisilo na pwani wala haziungi mkono shambulio la huko. Nguvu zikilingana, kete hugongana na kila moja hurudi ilikotoka. Msaada hukatika kete inayoutoa ikishambuliwa kutoka upande mwingine. Kete iliyong'olewa ikikosa jimbo jirani lililo wazi la kurudi, inaondoka ubaoni.

Mchezo huu ulichezwa kwa ujumbe wa simu, saa 48 kwa kila mkupuo. Majina, mji na tarehe vimeondolewa, na jumbe zimefupishwa. Kila mchezaji anaitwa kwa dola lake, kwa hiyo humu Urusi ni mtu, na Uturuki ni mtu. Mchezo ulipokwisha wote saba walikubali amri na jumbe zao zisomwe, ndiyo maana sababu za maamuzi zinaweza kuelezwa hapa bila kubahatisha.

Mapatano ya 1901

Urusi na Uturuki wakishikana tangu mwanzo huwa tishio kubwa, kwa sababu wanakaa pembeni mwa ubao na hawana adui wa nyuma. Tatizo lao ni Bahari Nyeusi, inayogusa Sevastopol ya mmoja na Ankara ya mwingine, pamoja na Konstantinopoli, Bulgaria, Romania na Armenia. Atakayeingiza manowari humo kwanza amemshika mwenzake koo.

Uturuki ndiye aliyeanza: "Kaka, masika haya tugongane Bahari Nyeusi. Wewe toka Sevastopol, mimi nitoke Ankara. Kila mtu atarudi kwake, halafu tumwangalie Austria." Urusi alikubali. Ni mpango mzuri, kwa sababu haumhitaji mtu kuamini chochote: mmoja akiacha kwenda, mwingine anaingia, kwa hiyo wote wanakwenda na wote wanarudi.

Masika 1901 kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Manowari ziligongana. Uturuki aliingiza jeshi la Konstantinopoli Bulgaria na kulibakiza jeshi la Smirna mahali pake, ili Urusi aone kwamba haliendi Armenia. Urusi alipeleka jeshi la Moscow Ukraine, na jeshi lake la Warsaw likagongana na la Vienna huko Galicia. Austria aliingiza jeshi Serbia na manowari Albania.

Vuli 1901 ilihitaji uamuzi mmoja ambao wakati ule ulionekana mdogo: ni kete ipi ya Urusi iingie Romania, jeshi la Ukraine au manowari ya Sevastopol? Uturuki aliomba iwe manowari. Hoja yake ilieleweka: manowari ikihamia Romania, Sevastopol inabaki tupu na pumzi zinashuka. Urusi alimkubalia, tena kwa nia njema. Manowari iliingia Romania ikiungwa mkono na jeshi la Ukraine na jeshi la Kituruki la Bulgaria. Uturuki naye alihamisha manowari ya Ankara hadi Konstantinopoli na jeshi la Smirna hadi Ankara. Huko Galicia majeshi ya Warsaw na Vienna yaligongana tena. Austria alichukua Ugiriki, Urusi akaingia Uswidi bila Ujerumani kumzuia, na Italia akavusha jeshi kwa manowari hadi Tunis.

Hesabu ya mwisho wa mwaka: Urusi 6, Austria 5, Ufaransa 5, Ujerumani 5, Italia 4, Uingereza 4, Uturuki 4. Ubelgiji ilikuwa bado haina mwenyewe.

Kete mbili zilizoundwa bila maelezo

Uturuki alikuwa na haki ya kete moja. Aliunda manowari Smirna, kete inayotazama Mediterania na kumpa mgongo Urusi. Jeshi lake lilikuwa limehamia Ankara kwa sababu hiyo tu, kuiachia Smirna nafasi ya kuunda. Lakini hakusema. Alichokiona Urusi ni jeshi la Kituruki lililosogea hadi mlangoni mwa Armenia, hatua moja kutoka Sevastopol.

Urusi, mwenye haki ya kete mbili, aliunda jeshi Moscow na manowari Sevastopol.

Uturuki aliuliza mara moja: "Hiyo manowari ya nini?" Jibu lilichukua nusu siku na lilikuwa na maneno sita: "Ya ulinzi tu, usiwe na wasiwasi." Jumbe za baadaye zinaonyesha Urusi alikuwa anasema kweli. Aliiogopa Armenia. Lakini hakuitaja Armenia, na Uturuki hakueleza habari ya Smirna. Kila mmoja alibaki na swali ambalo mwenzake angelijibu kwa sentensi moja.

Mpango wao wa Masika 1902 ulikuwa huu. Urusi ashambulie Galicia kwa jeshi la Warsaw likiungwa mkono na la Ukraine, na manowari zake mbili zisiondoke. Uturuki atoe manowari ya Konstantinopoli kwenda Bahari ya Aegean na ya Smirna kwenda Mediterania ya Mashariki, ili Vuli aishambulie Ugiriki. Ukiutazama ubao kwa jicho la Uturuki, mpango huo unamtaka aondoe kete ya pekee inayoweza kuingia Bahari Nyeusi, mbele ya manowari mbili zinazoweza kuingia humo moja ikiungwa mkono na nyingine.

Ujumbe ulionakiliwa

Urusi alitaka Austria azubae Galicia, akamtupia chambo: "Dada, tuache kugongana Galicia. Manowari zangu mbili zinatosha kumshughulikia jirani yangu wa kusini. Nipe utulivu mwaka huu, nami Serbia na Ugiriki sitazigusa." Hakuwa na nia hiyo hata chembe. Amri za Galicia alikwisha kuziandaa.

Austria hakuuamini ujumbe huo, lakini aliona thamani yake. Aliunakili wote, bila kuongeza wala kupunguza neno, akampelekea Uturuki akiwa ameongeza mistari miwili: "Kaka, sikuombi uniamini. Soma mwenyewe, kisha angalia ubao."

Kisha alitoa ahadi: Uturuki akiishambulia Romania kutoka Bulgaria, majeshi ya Austria ya Budapest na Serbia yote mawili yatamuunga mkono. Uturuki alipiga hesabu. Romania ikiungwa mkono na Sevastopol ina nguvu 2, yeye na misaada miwili atakuwa na 3. Romania inaanguka, Bahari Nyeusi inajaa manowari yake, jeshi la Ankara linaingia Armenia, na Vuli Sevastopol inafuata. Vituo vinne vingekuwa sita. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, ila ilitegemea amri mbili zilizokuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Hakumuuliza Urusi habari za ujumbe ule. Sababu aliyoitoa baadaye ni kwamba angeuliza, Urusi angekana, na kukana kusingembadilisha mawazo. Pili, angekuwa ameshamshtua.

Masika 1902

Amri za mashariki zilipofunuliwa zilisomeka hivi:

Urusi: jeshi Warsaw kwenda Galicia, jeshi Ukraine kuliunga mkono, manowari Romania kubaki, manowari Sevastopol kuiunga mkono Romania, jeshi Moscow kubaki.

Uturuki: jeshi Bulgaria kwenda Romania, manowari Konstantinopoli kwenda Bahari Nyeusi, jeshi Ankara kwenda Armenia, manowari Smirna kwenda Konstantinopoli.

Austria: jeshi Serbia kwenda Bulgaria, manowari Ugiriki kuliunga mkono, jeshi Trieste kwenda Serbia, jeshi Vienna kwenda Galicia, jeshi Budapest kuliunga mkono.

Italia: jeshi Venice kwenda Apulia, manowari ya Bahari ya Ionia kwenda Mediterania ya Mashariki, manowari Naples kwenda Bahari ya Ionia, jeshi Tunis kubaki.

Urusi alitimiza mapatano kwa herufi. Manowari ya Sevastopol haikusogea. Austria hakutoa msaada hata mmoja kati ya miwili aliyoahidi. Jeshi la Uturuki liliigonga Romania kwa nguvu 1 dhidi ya 2, likarudishwa, na wakati huohuo likapigwa Bulgaria kwa nguvu 2. Lingeweza kurudi Konstantinopoli, lakini Konstantinopoli ilikwisha kujazwa na manowari kutoka Smirna. Romania, Ugiriki na Serbia zote zilikuwa na wenyewe. Jeshi liliondolewa ubaoni. Galicia waligongana 2 kwa 2, ikabaki tupu.

Italia na Austria, kimya kimya, walifanya jambo ambalo Urusi na Uturuki walishindwa, nalo litarudi kwenye uchambuzi.

Vuli 1902

Baada ya amri hizo Uturuki aliomba radhi na kupendekeza warudiane. Urusi alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Jibu lake: "Ondoa jeshi Armenia kwanza. Mengine baadaye." Uturuki: "Nikiliondoa, nini kitakuzuia usinimalize?" Walibishana nani aanze hadi saa 48 zikaisha.

Uturuki akaandika: jeshi Armenia kwenda Sevastopol, manowari ya Bahari Nyeusi kuliunga mkono, manowari Konstantinopoli kubaki. Urusi akaandika: manowari Sevastopol kuiunga mkono Romania, jeshi Moscow kuiunga mkono Sevastopol, jeshi Ukraine kuiunga mkono Romania, jeshi Warsaw kwenda Galicia. Austria: jeshi Budapest kwenda Romania, Bulgaria na Serbia kuliunga mkono, jeshi Vienna kwenda Galicia. Italia: jeshi Tunis kuvushwa na manowari za Bahari ya Ionia na Mediterania ya Mashariki hadi Smirna.

Sevastopol ilisimama, 2 kwa 2. Lakini kwa kuishambulia, Uturuki aliukata msaada wake kwa Romania. Romania ilibaki na nguvu 2, Austria alikuja na 3, ikaanguka, na manowari yake ikafa kwa kukosa pa kurudi. Msaada ule usingekatika, ingekuwa 3 kwa 3 na Romania ingebaki ya Urusi. Shambulio la Uturuki halikumpa yeye kitu chochote, na lilimpa Austria kituo. Smirna ilikuwa tupu, ikachukuliwa na jeshi la Italia bila upinzani.

Matokeo

Mwisho wa 1902 Austria alikuwa na vituo 7, Ufaransa 6, Italia 5, Ujerumani 5, Urusi 5, Uingereza 4, Uturuki 2. Uturuki alitolewa Vuli 1904. Urusi alibanwa pande zote, akatoka mwaka 1907. Mchezo uliisha kwa sare ya watatu mwaka 1908: Austria 14, Ufaransa 12, Italia 8. Mambo ya magharibi hayahusiki na kisa hiki, isipokuwa kwamba vurugu za mashariki zilimpa Ufaransa muda wa kujipanga bila mtu kumgusa.

Uchambuzi: manowari zisizo na pa kwenda

Ni rahisi kusema Uturuki alidanganyika na ujumbe wa kunakiliwa. Sivyo. Ujumbe ulimkuta akiwa tayari na hofu, na hofu hiyo ilikuwa imeandikwa ubaoni.

Tazama manowari ya Romania inaweza kufanya nini. Inagusa Bahari Nyeusi, Sevastopol na pwani ya mashariki ya Bulgaria. Basi. Haiwezi kuishambulia Budapest, Serbia wala Galicia, na haiwezi kuunga mkono shambulio la huko, kwa sababu ni majimbo yasiyo na pwani. Dhidi ya Austria kete hiyo kazi yake ni moja tu, kukaa. Ongeza manowari ya pili Sevastopol, na Urusi ana kete mbili ambazo kila hatua yao ya mbele inamwelekea Uturuki. Neno "ulinzi" haliwezi kulifuta hilo. Uturuki alichokisoma kwenye ubao kilikuwa sahihi. Alichokosea ni nia ya mtu, na nia haionekani.

Chanzo basi kiko Vuli 1901, katika ombi la Uturuki mwenyewe kwamba iingie manowari. Angeomba jeshi la Ukraine liingie Romania kwa msaada wa Sevastopol, Urusi angekuwa na jeshi linaloweza kuishambulia Budapest na Serbia, na manowari moja tu kusini. Tena, kwa kuwa manowari hiyo ingekuwa bado imekaa Sevastopol, Urusi asingeweza kuunda nyingine hapo hata kama angetaka. Uturuki aliomba ishara ya kutuliza moyo, akaifungua bandari ya kuundia manowari.

Urusi naye hakuwa na haja ya kete ile. Moscow na Ukraine zote zinaigusa Sevastopol. Jeshi la Ankara lingeingia Armenia Masika, Urusi angekuwa bado na Vuli nzima ya kuizuia Sevastopol kwa kugongana kutoka Moscow. Kete ya pili ingekwenda St. Petersburg ikiwa jeshi, na Sevastopol ingeachwa tupu. Bandari tupu ingesema zaidi ya jumbe zote alizoandika.

Uchambuzi: chambo ambacho mwenzako hajakiona

Kumwandikia adui uongo ni sehemu ya mchezo, na ujumbe wa Urusi kwa Austria haukuwa na kosa kwa maudhui yake. Kosa ni kwamba Uturuki aliuona mara ya kwanza kutoka mkono wa Austria. Wachezaji wazoefu wana desturi moja inayozuia hili: kabla ya kumtumia adui chambo kinachomtaja mshirika, mpe mshirika maneno yenyewe, neno kwa neno, kabla hayajatumwa. Si kumwambia "nitamdanganya kidogo", bali kumwonyesha. Ukishafanya hivyo, adui akinakili ujumbe wako, mshirika anacheka na anapata ushahidi kwamba adui anajaribu kuwagombanisha. Usipofanya hivyo, umempa adui kisu kilichonolewa kwa mwandiko wako.

Uturuki naye alikosea kutouliza. Hoja yake kwamba Urusi angekana tu haina uzito, kwa sababu swali lenye faida halikuwa "ni kweli uliandika haya?" Swali lilikuwa "manowari ya Romania utaipa amri gani?" Kete moja ina amri moja kwa mkupuo. Angemwomba Urusi aielekeze manowari ya Romania kuliunga mkono jeshi la Bulgaria lisimame mahali pake. Amri hiyo ingefanya kazi mbili. Ingeikinga Bulgaria dhidi ya Serbia na Ugiriki, 2 kwa 2. Na kete inayoiunga mkono Bulgaria haiwezi wakati huohuo kuiunga mkono Sevastopol kuingia Bahari Nyeusi. Wangegongana tena baharini, Sevastopol na Konstantinopoli, moja kwa moja kama Masika ya kwanza, na manowari ya Smirna ingekuwa huru kwenda Aegean. Mpango wa kumshambulia Austria ungechelewa kidogo tu, huku wote wawili wakiwa wazima.

Uchambuzi: Austria na Italia

Watu hao wawili pia wanapakana vibaya. Venice na Trieste ni vituo vya nyumbani vya madola mawili tofauti vinavyogusana, jambo lisilo la kawaida ubaoni, na kila mchezo huanza kwa kila mmoja kumwogopa mwenzake hapo. Masika 1902 Austria alihitaji jeshi la Trieste liende Serbia, yaani aiache Trieste tupu. Hakumwambia Italia "niamini". Alimwomba jeshi la Venice liende Apulia mkupuo uleule. Apulia haigusi Trieste.

Italia angeweza kudanganya na kuingia Trieste. Lakini ilikuwa Masika, na Masika haihesabu vituo. Serbia, Vienna na Budapest zote zinaigusa Trieste, kwa hiyo Austria angekuwa na Vuli nzima ya kuikomboa kwa nguvu 2 au 3 kabla ya hesabu. Hasara ya kuamini ilikuwa ya muda, na Italia aliijua hesabu hiyo pia. Faida yake halisi ilikuwa Smirna, ambayo angeipata kwa utulivu. Hili ndilo jambo ambalo wachezaji wapya hulikosa zaidi: hatua inayokuacha wazi ichukuliwe Masika, wakati kosa bado linatengenezeka, na uwe umeshajua ni kete zipi zitalitengeneza.

Uchambuzi: kugeuka kwa hesabu ya mtu mwingine

Kugeuka kwa Uturuki kulihitaji misaada miwili ya Austria ili kufaulu, na hakukuwa na faida yoyote bila hiyo. Jaribio la kupima geuko ni kuondoa amri zote zisizo zako na kutazama kinachobaki. Hapa kilichobaki ni jeshi linaloigonga Romania kwa nguvu 1 na kuiacha Bulgaria bila mlinzi mbele ya mtu mwenye kete mbili zinazoigusa. Austria hakuhitaji ujanja mkubwa. Uturuki mwenyewe alimwambia ni kete gani itatoka wapi.

Kosa dogo lililogeuka kubwa ni kuijaza Konstantinopoli. Jeshi linaloshambulia nje ya nyumba liachiwe mlango wa kurudi, hasa shambulio likitegemea mtu uliyemjua jana. Manowari ya Smirna ingebaki Smirna, jeshi la Bulgaria lingerudi Konstantinopoli, Uturuki angekuwa na kete nne, na jeshi la Italia lisingeingia Smirna kirahisi.

Uchambuzi: saa 48 za mwisho

Ushirika uliovunjika Masika ulikuwa bado unaweza kuokolewa Vuli, na hapa ndipo kisa kinapouma. Wote wawili walijua adui ni Austria. Walishindwa kwa sababu kila mmoja alimtaka mwenzake aanze, na kuanza kulionekana kama kusalimu amri.

Amri zilizohitajika zilikuwa hizi. Uturuki: manowari ya Bahari Nyeusi iiunge mkono Romania isimame, manowari ya Konstantinopoli ibaki, na jeshi la Armenia liende Smirna. Urusi asingebadilisha hata amri moja. Romania ingekuwa na nguvu 4, yake mwenyewe pamoja na misaada ya Sevastopol, Ukraine na Bahari Nyeusi, na shambulio la Austria la nguvu 3 lingeshindwa. Jeshi la Italia kutoka Tunis lingegongana na jeshi la Armenia, na Smirna ingebaki ya Uturuki. Mwaka ungefungwa kwa Urusi 6, Austria 6, Italia 4, Uturuki 3.

Manowari ya Italia ilikuwa imeonekana Mediterania ya Mashariki tangu Masika, na nyingine ilikuwa imekaa Bahari ya Ionia nyuma yake, njia kamili ya kuvushia jeshi kutoka Tunis. Kuondoka Armenia, sharti ambalo Urusi alilitoa kwa hasira na Uturuki akalikataa kwa hofu, ndiyo hatua iliyoelekea Smirna.